Lubumbashi–Kinshasa: masaa 2 mu ndeke, siku 4 za sheria

Shefu wa personeli alichukua biye ya mwenzetu, akaiweka juu ya meza, akatia kidole ku saa ya kutoka, kisha ku saa ya kufika. «Delege, angalia wewe mwenyewe. Ndeke inatoka Lubumbashi 10:00, inafika Kinshasa 11:15. Saa moja na dakika 15! Sheria inamupatia siku 4 za kilio. Yeye anarudia kisha wiki nzima. Sasa siku zingine alikuwa anafanya nini kule?»

Sikupata jibu pale pale. Nilijua kama hesabu yake haiko ya kweli, lakini sikukuwa na namna ya kumuonyesha. Niliomba tuonane tena kesho yake, nikarudia nyumba, nikachukua kaye ya mutoto na biki, nikaanza kuhesabu. Mambo yenye ninaandika hapa yalitoka mule mu kaye.

Mwenzetu anatengeneza pompi mu karieri moja ya hapa Kolwezi. Sitataja jina lake wala la kampuni, maana dosie haijafungwa. Baba yake alifariki Kinshasa, Siku ya Pili usiku. Telefone haikumukuta yeye: kule chini ya karieri rezo hakuna, na yeye alikuwa mu matope mpaka magoti. Muke wake aliita kapita, na kapita njo alishuka na gari, saa munane ya usiku, kumuambia. Alimalizia posti yake mpaka asubui. Alimalizia, sababu pompi ikisimama usiku, maji inapanda na kesho yake mashine zote zinangojea. Mukumbuke hii kitu, tutairudilia.

Bandugu wafanyakazi, na nyinyi bamama wenye munabakia na watoto ku kambi wakati telefone ya kilio inalia, tuhesabu pamoja.

Saa za ku biye

Ukivuta kamba juu ya karte kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, moja kwa moja bila kupinda, ni karibu kilometa 1560. Ndeke ya reaktere, zile kubwa zenye hazina elisi, ikikwisha kufika juu inatembea zaidi ya kilometa 800 kwa saa. Gawanya: unapata karibu masaa 2. Ongeza dakika za kupanda na za kushuka, ongeza kuzunguka juu ya Kinshasa kama ndeke zingine ziko mbele yake, ongeza upepo ukiipiga usoni: inakuwa masaa 2 na dakika 15, siku zingine mbili na nusu. Ndeke ya elisi inaenda polepole, inaweza kupita masaa 3. Na kama ndeke ya siku ile inashuka kwanza Mbuji-Mayi ao Kananga kuacha watu na kubeba wengine, usihesabu tena masaa, hesabu nusu ya siku.

Sasa ile 11:15 inatoka wapi? Inatoka ku saa ya Kinshasa. Inchi yetu ni kubwa, kilometa za mraba 2.345.000, kama vile tulifundishwa ku masomo, na jua halifiki mahali pote mara moja. Njo maana iko na saa za namna mbili. Kinshasa, Kongo Central, Bandundu ya zamani na Équateur ya zamani wanafuata saa ya mangaribi. Sisi wa Katanga, pamoja na Kasai, Kivu, Maniema na Province Orientale ya zamani, tunafuata saa ya mashariki. Wakati ku Lubumbashi ni 11:00, ku Kinshasa ni 10:00. Na ku biye wanaandika kila saa kufuatana na mahali: saa ya kutoka ni ya mahali penye unatoka, saa ya kufika ni ya mahali penye unaenda. Ndeke inaruka 10:00 ya kwetu, inagusa chini 12:15 ya kwetu, lakini saa ya ukutani kule N'djili inaonyesha 11:15.

Kurudia ni kinyume. Unatoka Kinshasa 12:00, biye inasema utafika Lubumbashi 15:15. Nimesikia watu wakisema kama ndeke ya kurudia inachelewa juu ya uzito wa mizigo, eti makayabu na vitambaa. Hapana. Ni ile saa moja yenye walikupatia ku kwenda njo wanakunyanganya ku kurudia. Na kuko njia nyepesi ya kupata ukweli, hata kama hauna telefone ya kutafutia. Kamata muda wa kwenda kama vile biye inasema: saa 1 na dakika 15. Ongeza muda wa kurudia: masaa 3 na dakika 15. Vyote pamoja ni masaa 4 na nusu. Gawanya kwa mbili, utapata masaa 2 na dakika 15, muda wa kweli wenye ulikaa mu mawingu. Nilimufundisha mutoto wangu wa primere, alielewa mbele chai haijapoa.

Mutu atasema: hata hivyo, masaa 2 na dakika 15 haiko siku. Ni kweli kabisa. Kwenda na kurudia, mwenzetu alikaa juu masaa 4 na nusu tu. Wiki yake ilikulwa hapa chini.

Kutoka karieri mpaka ku kilio

Siku ya Tatu, saa kumi na mbili ya asubui, alitoka ku posti. Biro ya personeli inafungua saa mbili. Alingojea pale na manguo ya kazi, bote za matope. Karatasi ya ruhusa ilizunguka mikono mitatu, sinyatire ya mwisho ikapatikana karibu na saa tano. Akaomba avansi ku mushahara wake mwenyewe. Wakamuambia arudie kesho. Kesho! Wenzake wa posti walichanga, na muke wake akaongeza makuta ya likelemba yenye ilikuwa zamu yake mwezi ule, makuta yenye alikuwa anachunga kwa mambo ya masomo ya watoto.

Saa munane ya muchana alipanda bisi. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, ndege mwenyewe angeruka kilometa 240, lakini barabara inapitia Likasi na inakaribia 300. Njia ikiwa wazi, ni masaa 4 ao 5. Lakini munaijua ile barabara. Makamyo ya shaba na kobalti yanashuka kuelekea Kasumbalesa, makamyo ya mazuti, ya asidi na ya chokaa yanapanda, na ku kila peyaji kuko mulolongo. Siku ile kamyo moja ililala ubavu mbele ya Likasi. Alifika Lubumbashi saa tatu ya usiku, akaenda kulala kwa mujomba wake, Katuba.

Mutu ataniuliza: Kolwezi haina kiwanja cha ndeke? Kiko. Kuko ndeke zenye kutoka pale kwenda Kinshasa. Lakini nafasi si nyingi, haziruki kila wakati, na kifo hakiangalii programu ya ndeke. Siku zile kiti hakikupatikana.

Siku ya Ine alikuwa mutu wa kwanza ku mulango wa ajansi. Ndeke ya siku ile ilikuwa imejaa. Ya kesho yake ilibakia na viti viwili, kwa bei ya mutu mwenye haraka. Wenye kupanda ndeke wanajua: biye yenye ulinunua mwezi mbele, na yenye unanunua leo kwa kesho, bei zinaachana sana, hata kama kiti ni kile kile na ndeke ni ile ile. Akalipa. Juu yake kuko gopasi, kuko mizigo, kuko taksi. Kwa mutu wa sutretansi, safari kama hii ya kwenda na kurudia inameza mushahara wa mwezi, na kuko wenye mushahara wa mwezi haungetosha.

Siku ya Tano alikuwa ku kiwanja cha Luano tangu asubui sana. Ndeke ya 10:00 iliruka 14:00. Hakuna mutu alieleza sababu. Ilifika N'djili 15:15 ya kule. Sasa N'djili haiko katikati ya Kinshasa. Mpaka ku muji ni zaidi ya kilometa 20, na Boulevard Lumumba, pale Masina, ku saa za mangaribi, muulize mutu yeyote wa Kinshasa atawaambia. Familia inakaa upande wa Ngaliema, ku mwisho mwingine wa muji. Aliingia ku matanga, kama vile wanaita kilio kule, saa mbili ya usiku. Tangu kapita alishuka mu karieri kumuita, siku tatu karibu zilikuwa zimepita. Mu hizo siku tatu, ndeke yenyewe ilikula masaa 2 na dakika 15.

Mazishi yalikuwa Siku ya Posho. Walimungojea, juu ni mutoto wa kwanza, lakini kungojea ni makuta: morgi wanahesabu kwa siku. Wadogo zake walikuwa wamekwisha kukasirika. «Yaya mwenye kazi ya mine njo mwenye kuchelewa.» Watu wa kule wanawaza kama mutu wa mine ya Katanga iko na makuta mu mufuko na ndeke inamungojea ku mulango. Siku ya Yenga familia ilikaa: madeni ya lupitali, nyumba, mama mujane atabakia na nani. Mambo kama hayo hauwezi kuyasemea ku telefone.

Siku ya Kwanza alirudia. Ndeke ilichelewa tena, ikafika Luano usiku, bisi za Kolwezi zimekwisha kwenda. Siku ya Pili ikaishia mu barabara. Siku ya Tatu, saa kumi na mbili ya asubui, alikuwa ku posti. Saa ine wakamupatia barua, ile yenye sisi wote tunaogopa, «demande d'explication»: siku 2 bila ruhusa, Siku ya Kwanza na Siku ya Pili. Kukatwa ku mushahara, pamoja na onyo mu dosie.

Hesabuni nyinyi wenyewe. Siku saba, tano mu njia na mu mulolongo, mbili karibu na baba yake na mama yake.

Reli yenye haikufika

Wazee wa kambi wakisikia habari hii wanauliza: na treni? Zamani mutu alikuwa anapanda treni.

Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mu mwaka 1910. Lakini haikutoka Kinshasa, ilitoka kusini, Rodezia. Shaba ilikuwa inatafuta bahari, na njia yenye ilikuwa karibu kumalizika ilikuwa ile. Kisha wakajenga kuelekea kaskazini: mu 1918 reli ikafika Bukama, na mu 1928 ikafika Port-Francqui, yenye leo ni Ilebo, ku muto Kasai. Kampuni yenye iliijenga iliitwa BCK, na herufi mbili za kwanza ni za Bas-Congo, maana reli ilipashwa kufika kule chini karibu na bahari. Haikufika. Ilisimama Ilebo. Pale watu na mizigo wanashuka, wanaingia mu mashua, wanafuata Kasai mpaka mu muto Kongo, kisha Kinshasa, karibu kilometa 800 za maji. Kipande cha reli kutoka Ilebo mpaka Kinshasa kimekwisha kuchorwa ku makarte mara nyingi. Mpaka leo hakuna hata musumari.

Na Lubumbashi mpaka Ilebo peke yake, kwa kupitia Tenke, Kamina, Mwene-Ditu na Kananga, ni karibu kilometa 1600 za reli. Ni kusema, ukifika Ilebo umetembea urefu sawa na safari nzima ya ndeke mpaka Kinshasa, na hujaona hata mashua. Treni ile inachukua siku nyingi. Mabehewa yakitoka ku reli, haiko tena siku. Barabara nayo, ile Nationale namba 1, yenye kupita Kasai na Kikwit, inazidi kilometa 2000, na wakati wa mvua makamyo yanalala mu matope mpaka madereva wanapika ugali kando ya njia kama watu wa kijiji. Hakuna mwenye ataenda kuzika kwa njia ile. Njo maana sikubali wakati wanasema ndeke ni anasa ya wakubwa. Kwa mutu wa hapa mwenye kufiwa Kinshasa, ndeke ni bisi yake. Hana ingine.

Mu kaye nilifanya hesabu ingine yenye ilinishangaza. Kutoka Lubumbashi mpaka Johannesburg, kwa kamba ya moja kwa moja, ni karibu kilometa 1600, karibu sawa na Kinshasa. Mpaka Dar es Salaam ni karibu kilometa 1400. Dar es Salaam, ku bahari ya mashariki, mu inchi ya watu wengine, iko karibu na sisi kuliko muji mukubwa wa inchi yetu! Na kule Dar es Salaam kamyo ya katodi inafika, inavuka Zambia na Tanzania kwa magurudumu yake. Inafika Durban, Afrika ya Kusini. Na leo watu wanazungumuza Lobito, ile reli ya Angola yenye kuanzia huku Kolwezi kuelekea mangaribi. Katodi ikitoka ku uzini iko na njia tatu za kufika ku bahari, zote kwa udongo. Mufanyakazi mwenye aliitoa mu udongo, kama baba yake amefia Kinshasa, iko na njia moja, ya juu, na ile wanalipisha mbele.

Sheria inasema siku 4

Kode ya Kazi, ni kusema sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatupatia konji za mambo yenye kutokea mu maisha. Mufanyakazi akioa ao akiolewa, siku 2. Muke wake akizaa, siku 2. Mutoto wake akioa ao akiolewa, siku 1. Akifiwa na muke ao mume, ao na muzazi ao mutoto, siku 4. Hapo bakwe wanaingia pia: baba ya muke wako akifa, ni siku 4 kama baba yako. Watu wengi hawajui hii, wanaomba siku mbili kwa haya, na biro haiwaambii. Ndugu wa degre ya pili, kama vile kaka, dada, babu na nyanya, siku 2. Na siku hizo ni siku za kazi: Siku ya Yenga na siku kubwa zenye serikali imeweka hazihesabiwi mule.

Lakini sheria haitofautishi mutu mwenye baba yake amefia Musonoi na mwenye baba yake amefia Kinshasa. Siku 4 kwa wote wawili. Yule wa Musonoi anatembea kwa miguu mpaka ku kilio, siku zinamutosha na kumubakilia. Siku za njia hazina jina mu konji ya kilio.

Kuko kitu kingine mu Kode chenye kufaa kujulikana, hata kama hakihusu kilio. Mutu mwenye walimuandikia kazi mahali pamoja na wakamupeleka kufanya kazi mahali pengine, safari yake, ya muke wake na ya watoto, iko juu ya mwenye kampuni, ku kwenda na ku kurudia wakati kontra imemalizika. Sasa angalieni kontra zenu, pale penye wanaandika mahali pa kuangajiwa. Nimeona kontra za watu wenye walichukuliwa Kinshasa, walikuja na ndeke ya sosiete, lakini karatasi inasema waliangajiwa Kolwezi. Walitia sinyatire bila kusoma. Siku kontra imekatika, biye ya kurudia hakuna, sababu karatasi inasema ni watu wa hapa hapa.

Kaye ku meza

Kesho yake nilirudia kwa shefu wa personeli na ile kaye. Nilimuonyesha kwanza saa za biye. Akatoa telefone, akatafuta saa ya Kinshasa, akaangalia saa yake ya mukono, akacheka kidogo. Haiko mutu mubaya. Amesoma kunipita mimi, lakini yeye anasafirishwa na biye yenye wamemununulia wengine, na gari inamuchukua ku kiwanja.

Kisha nikamuambia juu ya ile posti. Ruhusa walianza kuihesabu tangu Siku ya Tatu. Lakini ile Siku ya Tatu mwenzetu alikuwa chini ya karieri mpaka saa kumi na mbili ya asubui, kaye ya kapita inaonyesha, pompi zilitembea. Mutu hawezi kuwa ku kazi na ku konji mu siku moja. Basi siku ya kwanza ya konji ni Siku ya Ine. Ya Ine, ya Tano, ya Posho, tunaruka ya Yenga, ya Kwanza: siku 4. Tulibishana karibu saa moja. Walikubali. Onyo likatoka mu dosie, na mushahara wa Siku ya Kwanza ukarudia.

Ile Siku ya Pili, siku ya barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, waliikata. Juu yake sikukuwa na karatasi ya kuonyesha, na sheria haikunisaidia.

Kode ni kipimo cha chini. Konvansio yenye sendika inapatana na kampuni inaweza kupatia mufanyakazi zaidi, haiwezi kumupatia kidogo kuliko Kode. Pale njo tunataka kutia siku za njia: kama kilio kiko mbali mpaka mutu alazimike kupanda ndeke, siku moja ya kwenda na moja ya kurudia, inje ya zile 4. Na avansi ya kilio itoke siku ile ile, haiko kesho. Kwa mwenzetu, avansi ya asubui ingemuweka ku Lubumbashi mbele ya usiku, ku ajansi mbele ya kufungwa, na pengine mu kimoja cha viti vya Siku ya Ine.

Wakubwa wanatujibu kama watu watatumia vibaya. Tusidanganyane, kuko wenzetu wenye wamezika baba mara mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kuchanga kwa kilio, kisha nikamukuta marehemu anakunywa bia ku Likasi. Lakini mwenye kupanda ndeke anaacha alama: kipande cha biye chenye jina lake, karatasi ya kifo, risiti ya peyaji ao ya bisi. Delegasio iko tayari kukubali: bila kipande, hakuna siku ya njia. Mama mumoja mwenye anaendesha kamyo kubwa ya karieri aliniambia mambo yenye sikukuwa nimewaza: «Mukiandika, muandike pia saa. Mimi walinipa ruhusa yenye tarehe tu, bila saa, wakanihesabia siku yenye nilikuwa ku usukani.» Iko na haki. Ombeni ruhusa yenye tarehe, saa na kashe.

Mazungumuzo ya konvansio yataanza mwezi wenye kuja. Mwenzetu aliniachia kipande chake cha biye, chenye zile herufi FBM za Lubumbashi na FIH za Kinshasa. Nimekibandika ku ukurasa wa kwanza wa kaye. Wenye wangali na vipande kama vile, vya Kinshasa, Kananga, Mbuji-Mayi, Goma ao Bukavu, wavilete ku biro ya delegasio, wakitoka ku posti yoyote. Nyuma yake muandike saa yenye mulifunga mulango wa nyumba, na saa yenye muliingia ku kilio.